Mduara, barabara, mwinuko au foleni: uchague njia ipi kuchora ramani ya afya ya msingi Mwanza

Piga mduara wa kilomita 5 kuanzia zahanati yoyote iliyo jirani na mwalo wa Kirumba, na sehemu kubwa ya mduara huo itakaa juu ya maji. Programu ya ramani haitakuuliza kitu. Itahesabu kilomita za mraba 78.5, itazipaka kijani, na samaki wa Ghuba ya Mwanza watahesabika kuwa wana zahanati karibu.

Ziwa, miamba na vilima vinaifanya Mwanza iwe jiji gumu kwa njia rahisi. Kigezo cha kilomita 5 nacho hakisaidii sana hapa, kwa kuwa kilizoeleka kwa ajili ya vijiji. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, wa 2007 hadi 2017 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Ukikileta kigezo hicho katika kata za Pamba, Mirongo au Nyamanoro, karibu kila nyumba itakuwa na kituo cha aina fulani ndani ya kilomita 5. Ramani inatoka kijani tupu na haimsaidii mtu kuamua zahanati ijayo ijengwe wapi. Shusha kipimo hadi dakika 30 za kutembea, yaani kilomita 2 na nusu kwenye tambarare, ndipo tofauti za mitaa zinaanza kuonekana.

Njia zinazotumika zaidi ni nne. Kwa ufupi zinasimama hivi:

| | Mduara | Mtandao wa barabara | Uso wa muda | Uwiano wa watoa huduma |
|---|---|---|---|---|
| Inapima | ukaribu wa mstari mnyoofu | urefu wa njia halisi | dakika za safari, mlima ukiwemo | watoa huduma kwa kila watu 10,000 |
| Inahitaji | orodha ya vituo | vituo na barabara safi | vituo, barabara, mwinuko, aina ya ardhi, maji | vituo, barabara, watu, watumishi |
| Kazi | saa chache | siku kadhaa, nyingi za kusafisha barabara | wiki moja au mbili | kama mtandao, ongeza kutafuta takwimu za watumishi |
| Inadanganya | ziwani na milimani | penye vichochoro visivyochorwa | penye njia nyembamba kuliko pikseli (kijimraba kimoja cha ramani) | mpakani mwa halmashauri |

Orodha ya vituo kwanza

Njia zote nne zinasimama juu ya orodha ya vituo, na orodha ikiwa mbovu hakuna hesabu itakayoiponya. Vyanzo ni vitatu. Rejista ya vituo ya Wizara ya Afya inakupa namba ya kituo, ngazi, mmiliki na hali yake, na ndiyo iwe msingi wako. OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, ni nzuri kwa kuona jengo liko wapi hasa, lakini jina na ngazi huandikwa na yeyote, kwa hiyo usichukue humo neno la mwisho kuhusu kipi ni zahanati na kipi ni duka la dawa. Cha tatu ni kwenda mwenyewe na simu.

Kabla ya kwenda, pekua koodineti ulizopewa. Mwanza iko kusini mwa ikweta, karibu nyuzi 2.5, na mashariki karibu nyuzi 32.9. Aliyesahau alama ya kutoa kwenye latitudo ameipeleka zahanati ya Igoma kaskazini mwa Uganda, upande wa Lira. Aliyebadilisha nafasi ya namba mbili ameipeleka Moroko. Hayo yanaonekana kwa jicho. Kosa baya ni lile lisiloonekana: nukta zilizosomwa kwenye ramani za Arc 1960, mfumo wa zamani wa koodineti wa Afrika Mashariki, kisha zikaingizwa kama WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, zinahama takriban mita 300 kwenda kaskazini au kusini, na bado zinaonekana ziko mjini. Ukiona vituo vyote vya chanzo kimoja vimehama upande uleule kwa kiasi kilekile, shuku hilo kwanza. Kazi yote ifanyie kwenye mfumo wa UTM kanda ya 36 Kusini, namba 32736 kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, ili umbali utoke kwa mita.

Ukifika kituoni, chukua nukta kwenye lango ambalo wagonjwa wanaingilia. Usichukue katikati ya paa. Kwenye mitaa ya miamba tofauti ya mita 40 inaweza kuwa kubwa kuliko inavyosikika: programu hunasisha kituo kwenye mstari wa njia ulio karibu zaidi, na ulio karibu na paa unaweza kuwa kichochoro cha juu ya jabali ambacho hakishuki kabisa hadi kwenye kituo. Simama mahali peupe, mbali na ukingo wa mabati na ukuta, subiri simu ioneshe usahihi wa mita 5 hadi 10, ndipo uhifadhi. Hapohapo andika saa za kufungua, kama kuna kliniki ya mama na mtoto, kama kuna maabara, na kama bima zinapokelewa.

Bugando na Sekou Toure zisiingie kwenye safu hii, yaani tabaka la ramani lenye vituo vya afya ya msingi. Moja ni hospitali ya rufaa ya kanda, nyingine ya mkoa. Ukiziweka, katikati ya jiji inavimba na kuonekana imeshiba kuliko ilivyo. Ziweke kwenye safu yake, maana watu huenda huko hata kwa homa ya kawaida, na hilo nalo ni taarifa.

Mduara

Una kazi moja halali: kugundua haraka mahali ambapo hata kwa mstari mnyoofu hakuna kitu. Ukitoa ziwa kwanza, yaani kukata mduara kwa mpaka wa maji, unapata picha ya kuanzia kikao. Mtaa ulio nje ya mduara uko mbali kweli, kwa sababu njia halisi haiwezi kuwa fupi kuliko mstari mnyoofu. Ulio ndani hujui. Kigongo ni mfano mzuri: mduara wa kilomita 5 kutoka upande wa Misungwi ulikuwa unavuka ghuba hadi Busisi, Sengerema, hata miaka ile ambapo kuvuka kulitaka foleni ya kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na mduara haukubadilika hata kwa mita moja.

Usiutumie kuombea fedha.

Mtandao wa barabara

Kwa sehemu kubwa ya Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili za jiji, hii ndiyo njia tunayoipendekeza. QGIS haina gharama, barabara za OpenStreetMap hazina gharama, na kompyuta ya mkononi yenye kumbukumbu ya GB 8 inatosha.

Pakua barabara pamoja na njia za miguu na ngazi, ukizidisha mpaka wa jiji kwa kilomita 5 hadi 10. Kisesa iko Magu na Usagara iko Misungwi, lakini mgonjwa wa Igoma au Buhongwa haulizi mpaka uko wapi. Badilisha mfumo wa koodineti kuwa 32736. Kisha tumia zana ya eneo la huduma kwenye kisanduku cha uchambuzi wa mtandao, weka gharama mita 2,500, na uzime uelekeo wa barabara, kwani mtembea kwa miguu hahusiki na njia ya upande mmoja. Matokeo ni mistari ya njia zote zinazofikika. Zizungushie mita 50 kila upande upate eneo la nyumba.

Kinachoharibika mara nyingi ni viungio. Mchoraji mmoja amemaliza mstari nusu mita kabla ya barabara kuu, na kwa programu hapo hakuna njia panda. Utaona eneo la huduma limekatika ghafla kwenye kona, kama ukuta. Weka uvumilivu wa pengo kuwa mita 1 au 2. Ukiupandisha hadi mita 10 unajiletea shida nyingine, kwa sababu vichochoro viwili vilivyotenganishwa na mwamba vinaweza kuunganishwa na kuwa kimoja.

Tatizo la pili ni vichochoro vyenyewe. Mabatini, Igogo na Bugarika zimepanda juu ya mawe. Barabara ya gari inaishia chini, na kutoka hapo watu wanapita kati ya majabali, kwenye ngazi za saruji walizojenga wenyewe, mahali pengine upana wa mtu mmoja. Picha ya setilaiti haioni njia iliyofunikwa na mabati yanayokaribiana. Kama njia hizo hazimo, nyumba za juu zitaonekana ziko mbali mno au hazifikiki kabisa. Dawa yake ni kutembea na mwenyekiti wa mtaa au mhudumu wa afya ya jamii, simu ikirekodi njia. Chagua nyumba kumi zilizotawanyika, pima dakika kwa miguu hadi langoni mwa kituo, na linganisha na za programu. Tofauti ikizidi robo, rudi kwenye barabara kabla ya kuendelea.

Mwendo pia ni wa kuamua kwa makusudi. Kilomita 5 kwa saa ni za kijana mzima. Mjamzito wa miezi minane au bibi mwenye fimbo, weka 3, na dakika 30 zinakuwa kilomita 1 na nusu tu. Tungeomba kila ramani ioneshe mipaka yote miwili.

Kuhusu daladala, kuwa mwangalifu. Njia zake zimeshika zaidi barabara kuu tatu: Kenyatta kwenda Nyegezi na Buhongwa, Nyerere kwenda Igoma, Makongoro kwenda Pasiansi na uwanja wa ndege. Mtu aliye katikati ya barabara mbili mara nyingi anashuka mpaka mjini kisha anapanda nyingine, analipa nauli mara mbili na kusubiri mara mbili. Programu inayodhani kila barabara ina gari muda wote itamwonesha amefika zamani.

Uso wa muda

Hapa jiji linakatwa kuwa pikseli, kila pikseli inapewa mwendo, na programu inatafuta safari fupi kwa dakika hadi kituo cha karibu. AccessMod ya Shirika la Afya Duniani imetengenezwa kwa kazi hii na ni ya bure. Faida yake kubwa kwa Mwanza ni mlima. Inatumia kanuni ya mwanajiografia Tobler ya 1993: kwenye tambarare mtu anatembea karibu kilomita 5 kwa saa, akipanda mteremko wa asilimia 20 anabaki na 2.5, akiushuka anapata 3.5. Kituo cha juu ya kilima na kituo cha bondeni, hata kama viko mita 800 kutoka nyumba ileile, si sawa kwa mtu mwenye homa.

Kwa sababu hiyo angalia uelekeo wa safari kabla ya kubofya. Kuna chaguo la kwenda kituoni na la kutoka kituoni. Ukichagua la pili kwa kituo kilicho mlimani, unahesabu watu wakishuka, na dakika zinatoka nzuri kuliko ukweli.

Mambo mengine ya kuchunga:

Mwinuko wa SRTM, data iliyopimwa kutoka angani, una pikseli za mita 30. Jabali la mita 10 linalainishwa, na kichochoro cha mita 2 kinavimba kuwa barabara ya mita 30. Ndiyo sababu njia hii ni bora kwa Sangabuye, Kayenze na Luchelele kuliko kwa Mabatini, ingawa Mabatini ndiko kwenye mlima.

Ukibadilisha mfumo wa ramani, mwinuko uchakatwe kwa kukadiria kati ya pikseli jirani, lakini aina za ardhi zichukue pikseli iliyo karibu bila kukadiria. Ukikosea, pori lenye namba 2 na maji yenye namba 8 yanakutana kwenye 5, na namba 5 huenda ni lami.

Ziwa na mito vitiwe kama vizuizi. Lakini mpangilio wa safu una maana: vizuizi vikikaa juu ya barabara, Mto Mirongo unakata kila daraja la mjini na upande mmoja wa jiji unatengwa. Barabara ziwe juu ya vizuizi. Baada ya hapo kagua kinyume chake: mto mwembamba uliogeuzwa pikseli unaweza kuvujisha safari kwenye pembe, pale pikseli mbili zinapogusana kwa ncha tu. Unene wa mto uwe pikseli mbili.

Masika ya Machi hadi Mei yanahitaji jedwali la pili la mwendo, udongo ukipungua mwendo na vivuko vya miguu vya mtoni vikiondolewa.

Kisiwa cha Bezi, na ukipanua kazi, Ukerewe, vichorewe mstari wa mtumbwi au kivuko wenye mwendo wake, kisha muda wa kusubiri uongezwe kwa mkono kwenye matokeo. Programu haijui ratiba. Kwa visiwa, kusubiri kunaweza kuwa kurefu kuliko safari yenyewe.

Uwiano: ramani ya foleni

Mjini kati shida mara nyingi ni foleni kuliko umbali. Njia hii, iliyopata umbo lake la sasa kwa watafiti Luo na Wang mwaka 2003, inaenda kwa hatua mbili. Tuseme kituo A kina matabibu 6, na ndani ya dakika 30 kuna watu 30,000: ni 2 kwa kila 10,000. Zahanati B ina 2 kwa watu 20,000: ni 1 kwa 10,000. Hatua ya pili, mtaa unaofikia vyote viwili unapata 3, na ule unaofikia B peke yake unapata 1. Mitaa yote miwili ni kijani kwenye ramani ya umbali.

Udhaifu wake upo kwenye namba za watumishi. Ukichukua ikama, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa kuwapo, badala ya waliopo kazini, unahesabu viti vitupu. Aliye masomoni au aliyehamishwa bila mbadala atolewe. Kwa vituo binafsi, daktari anayefanya kazi sehemu tatu ahesabiwe theluthi kila mahali, la sivyo jiji linaota madaktari.

Ukingoni mwa jiji makosa yanaenda pande zote mbili. Usipowahesabu watu wa Kisesa, vituo vya Igoma vitaonekana vina nafasi. Usipohesabu vituo vya Kisesa, watu wa Igoma wataonekana maskini kuliko walivyo. Pia tengeneza ramani mbili, ya mchana na ya usiku. Zahanati inayofunga saa 9:30 alasiri haina tabibu saa 4 usiku, na ramani ya usiku ya Ilemela mashariki huwa ni ramani tofauti kabisa. Vigezo vya mipango vya siku nyingi, zahanati kwa watu 10,000 na kituo cha afya kwa 50,000, viwekwe pembeni kwa kulinganisha tu.

Watu wanatoka wapi

Sensa ya 2022 inakupa 594,834 kwa Nyamagana na 509,687 kwa Ilemela, na mgawanyo wa kata. Kata nzima ikiwakilishwa na nukta moja ya katikati, kwa kata ndogo kama Pamba hakuna neno. Kwa Sangabuye au Kishiri nukta hiyo inaweza kuangukia porini. WorldPop, data ya makadirio ya idadi ya watu, inagawa watu kwa pikseli za mita 100, na uchukue toleo linalowaweka penye majengo pekee, kwa sababu lile lingine huweka watu hadi juu ya miamba. Tunachokiona bora ni kuchukua jumla ya sensa kwa kata na kuigawa kwa eneo la majengo ya Open Buildings ya Google. Ondoa kwanza maghala, shule na viwanda vya Nyakato na Igogo. Usipoviondoa, kiwanda kimoja kitapewa wakazi wa mtaa mzima, na zahanati mpya itaangukia getini kwake.

Kwa hiyo, ipi

Una siku mbili na kikao Ijumaa: mduara uliokatwa kwa ziwa, na uandike wazi kwenye ramani kuwa ni mstari mnyoofu.

Unatafuta kiwanja cha zahanati ndani ya kata za mjini: mtandao wa miguu wa dakika 30, kwa mwendo wa 5 na wa 3, vichochoro vikiwa vimepitiwa. Kata za pembezoni, visiwa na mialo ya wavuvi: uso wa muda. Unapanga watumishi, au unaamua zahanati ipi ipandishwe kuwa kituo cha afya: uwiano, na usipoteze muda na mengine.

Ukiwa na nafasi ya kufanya mbili, fanya mtandao kisha uwiano juu yake, maana data ni zilezile. Kuongeza uso wa muda kwa jiji lote ni kazi kubwa yenye faida ndogo, isipokuwa kama mlima ndio hoja yako.

Njia yoyote utakayochagua, ipime kwa vitabu vya MTUHA, yaani rejista za taarifa za vituo vya afya. Omba kibali kwa mganga mkuu wa halmashauri, chukua kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje cha mwezi mmoja kwenye vituo vinne au vitano, na hesabu safu ya makazi tu. Majina usiyanakili. Panga idadi kwa mtaa, kisha linganisha na mtaa ambao ramani yako inasema ni wa kituo hicho. Wagonjwa wa mtaa fulani wakiipita zahanati ya karibu na kwenda ya mbali, angalia ulichoandika langoni kuhusu maabara, saa na bima. Kama hakuna tofauti yoyote kati ya vituo hivyo viwili, rudi kwenye safu ya barabara: huenda kuna njia iliyozibwa na ukuta au korongo ambayo kwenye kompyuta yako bado iko wazi.